Msaidizi hana ufunguo wa ghala

Marehemu nyanya yangu alikuwa na swali moja ambalo nilipokuwa mtoto sikulielewa. Kila alipoambiwa kwamba fulani amepewa cheo cha kumsaidia mkubwa fulani, awe chifu, mwalimu mkuu au kasisi, yeye aliendelea kupepeta mtama wake, kisha akauliza: "Na ufunguo wa ghala anao nani?" Aliyasema hayo kwa lugha ya mama, nami ninayatafsiri tu. Babu yangu alikuwa mwalimu wa kanisa la Kianglikana katika sehemu za Maseno, na mambo ya vyeo vya kanisa yalizungumzwa sana katika boma lile. Nyanya hakumdharau msaidizi wa mtu yeyote. Alitaka kujua jambo moja tu, nalo ni nani mwenye kauli ya mwisho chakula kinapopungua.

Swali hilo lilinirudia Januari 2021, Kanisa la Kianglikana la Kenya lilipomweka wakfu Dkt. Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Dayosisi ya Bondo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika kanisa hilo. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, nami nikiwamo. Hata hivyo, mimi ni mtu wa isimu. Kazi yangu ni kuyatazama maneno ambayo watu wengine huyapita. Katika shangwe ile yote nililisikia neno la pili, "msaidizi", nikajiuliza ni mara ngapi katika historia neno hilo limesimama mlangoni pamoja na mtu wa kwanza wa kabila, rangi au jinsia yake kuingia katika nyumba hiyo.

Nimeifuatilia historia hiyo tangu wakati ule, na leo ningependa kumshirikisha msomaji niliyoyaona. Dai langu ni hili: cheo cha askofu msaidizi kimekuwa mlango ambao kanisa huwapitishia watu ambao haliwezi tena kuwakataa, lakini halijawa tayari kuwakabidhi ufunguo. Wengine waliopita mlango huo walifika mbali sana. Wengine walizeekea hapo mlangoni. Kilichowatofautisha, kwa kiasi kikubwa, ni kama njia ya kutokea hapo iliwekwa wazi au la.

Tuanze na maneno yenyewe. "Askofu" tumelipata kutoka Kiarabu, usquf, nacho Kiarabu kililipata kutoka Kigiriki, episkopos, maana yake mwangalizi, mtu anayetazama kutoka juu ili aone lililo chini. Ni neno lenye macho na lenye eneo, kwani anayeangalia huangalia mahali fulani. "Msaidizi" ni neno la tabia nyingine kabisa. Limetokana na kitenzi "saidia", na kitenzi hicho hakisimami peke yake. Ukisema "kasisi anasoma" au "kasisi analala", msikilizaji huridhika. Ukisema "kasisi anasaidia", msikilizaji huuliza papo hapo: anamsaidia nani? Kazi ni ya mtu mwingine, na msaidizi ameingia katika sentensi kwa sababu ya huyo mwingine.

Kiswahili kina maneno jirani ambayo hayafanani na hilo kwa nguvu. "Naibu", ambalo nalo ni la asili ya Kiarabu, ni mtu anayeishika nafasi ya mwingine, na mwenyewe asipokuwapo, naibu ndiye yeye. "Kaimu" limetokana na neno lenye maana ya kusimama. Kaimu amesimama pale ambapo mkubwa angesimama. Naibu na kaimu wana mahali, ila msaidizi ana mtu tu. Wakenya walilijua jambo hili vizuri siku za mawaziri wasaidizi, cheo ambacho Katiba ya 2010 ilikiondoa. Wengi waliokishika walikuwa na gari na bendera, lakini mezani pa Baraza la Mawaziri hawakuwa na kiti.

Kiingereza hutofautisha aina mbili za maaskofu wa namna hii, ilhali sisi aghalabu tunawaita wote kwa jina moja. Kuna askofu sufragani, ambaye hupewa jina la mji ulio ndani ya dayosisi ya mkubwa wake, na cheo chake hubaki hata yeye akiondoka. Na kuna askofu msaidizi kwa maana finyu, ambaye huitwa na askofu wa dayosisi kwa haja ya wakati ule, na huenda cheo kikaondoka naye. La ajabu ni kwamba "sufragani" lina uhusiano na neno la Kilatini la kura, suffragium. Ndani ya neno lenyewe kumefichwa mtu mwenye sauti barazani. Tutaona baadaye jinsi baadhi yao walivyopewa neno hilo wakanyimwa hiyo kura.

Cheo hiki si cha jana. Katika karne za mwanzo za Ukristo, hasa katika Asia Ndogo na Shamu, walikuwapo maaskofu wa mashambani walioitwa kwa Kigiriki chorepiskopoi, yaani maaskofu wa shamba. Waliwahudumia wakulima waliokaa mbali na mji ambamo askofu mkubwa alikuwa na kiti chake. Kadiri kanisa lilivyopata nguvu na mali, ndivyo maaskofu wa mijini walivyoanza kuwatilia shaka. Mtaguso wa Ankira wa mwaka 314 uliwakataza kuwabariki makasisi na mashemasi bila idhini. Baadaye katika karne hiyo, Mtaguso wa Laodikia uliamua kwamba vijijini wasiwekwe maaskofu tena, bali watumwe wakaguzi wa kuzunguka. Kwa hiyo hoja ya nyanya yangu ina umri wa miaka 1,700. Wenye ghala walianza kuuficha ufunguo zamani sana.

Kanisa la Uingereza lilikiweka cheo hiki katika sheria enzi ya Mfalme Henry VIII. Sheria ya mwaka 1534 iliitaja miji 26 ambayo ingeweza kuwapa maaskofu wasaidizi majina yao. Askofu wa dayosisi alipeleka majina mawili, na mfalme akachagua moja. Aliyechaguliwa aliwekwa wakfu kama askofu mwingine yeyote, lakini alikuwa na mamlaka yale tu ambayo mkubwa wake alimwandikia. Mapema katika karne ya 17 desturi hiyo ilikuwa imekufa, ijapokuwa sheria haikufutwa. Ilifufuliwa mwaka 1870, walipowekwa maaskofu wa Dover na Nottingham, kwani wakati huo miji ya viwanda ilikuwa imefurika watu na askofu mmoja hakuweza tena kuwafikia wote.

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo ndilo kiini cha utata wote. Katika imani ya Waanglikana kuna daraja tatu za utumishi: shemasi, kasisi na askofu. Askofu msaidizi si daraja ya nne iliyopenyezwa katikati. Anawekewa mikono na maaskofu wenzake, kwa sala zilezile, na akishawekewa ni askofu kamili. Anaweza kuwabariki makasisi na kuwathibitisha waumini. Kinachokosekana ni mamlaka ya kuiongoza dayosisi: kuwapangia makasisi vituo, kuitisha na kuiongoza sinodi, kuwa na kauli ya mwisho juu ya fedha na ardhi. Kwa mikono aliyowekewa ni askofu mzima, lakini kwa madaraka ni nusu. Hali hiyo haina dosari pale ambapo kazi imemzidi mtu mmoja. Lakini ni chambo kizuri mno kwa wanaotaka kumpa mtu heshima bila kumpa nguvu.

Chambo hicho kilitumika waziwazi Afrika Magharibi. Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyeokolewa kutoka katika meli ya watumwa mwaka 1822, aliwekwa wakfu katika kanisa kuu la Canterbury tarehe 29 Juni 1864. Sisi wanaisimu tunamheshimu pia kwa kazi zake juu ya sarufi na msamiati wa Kiyoruba na kwa tafsiri yake ya Biblia. Huyo hakuwa msaidizi wa mtu. Alikuwa askofu mwenye kazi yake, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Lakini katika miaka yake ya mwisho wamishonari vijana kutoka Ulaya waliingia Niger, wakawashutumu watumishi wake, wakamnyang'anya madaraka. Alifariki tarehe 31 Desemba 1891 akiwa amevunjika moyo.

Nani alirithi kiti chake? Mwaka 1893 aliwekwa Mwingereza, Joseph Hill, na pamoja naye wakawekwa Waafrika wawili, Charles Phillips na Isaac Oluwole, wawe wasaidizi wake. Msomaji na atafakari mpangilio huo. Mwafrika alikuwa ameshakuwa askofu mkubwa, na waliomfuata wakarudishwa hatua moja nyuma, huku wakiambiwa kwamba wamepandishwa. Kisha likatokea jambo lililoweka kila kitu hadharani. Hill alifariki Lagos mapema mwaka 1894, muda mfupi baada ya kuwasili. Wasaidizi wawili walikuwapo, wenyeji wa nchi, wenye kuzijua lugha zake. Hata hivyo, ufunguo ukatafutwa Uingereza tena, akaletwa Herbert Tugwell. Mwaka 1900 James Johnson naye alifanywa askofu msaidizi. Alitumaini kwamba siku moja kungekuwa na dayosisi ya Waafrika yenye askofu wao wenyewe, na alifariki mwaka 1917 akiwa bado msaidizi. Nijeria ilingoja hadi mwaka 1952, Alexander Akinyele alipokuwa askofu wa Ibadan. Tangu kifo cha Crowther ilikuwa imepita miaka 60.

Katika Afrika Mashariki mlango ulikuwa uleule. Askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana katika eneo letu alikuwa Aberi Balya wa Uganda, aliyewekwa wakfu mwaka 1947, naye alikuwa msaidizi. Kisha ikaja siku ambayo wazee wa kanisa nyumbani kwetu waliizungumza kana kwamba walikuwapo wote, tarehe 15 Mei 1955. Siku hiyo Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu Waafrika wanne kwa mpigo katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala. Kutoka Kenya walikuwa Festo Olang' na Obadiah Kariuki. Kutoka Tanganyika alikuwa Yohana Omari, aliyezaliwa Mwislamu, na kutoka Sudan alikuwa Daniel Deng Atong. Wanne wote walikuwa maaskofu wasaidizi.

Lazima tuukumbuke mwaka wenyewe. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Jomo Kenyatta alikuwa gerezani. Makanisa ya Ukikuyu yalikuwa yamepasuka, kwa kuwa kulikuwa na waumini waliokula kiapo na wengine waliokataa, na miongoni mwa waliokataa wapo waliouawa. Kariuki alikuwa mtu wa uamsho aliyekipinga kiapo waziwazi, lakini yeye na Kenyatta walikuwa wameoa katika nyumba moja, ya Chifu Koinange wa Mbiyu. Yaani serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu ya kumwamini na sababu ya kumshuku, na watu wake vivyo hivyo. Mzigo huo hakuna mzungu ambaye angeweza kuubeba. Kanisa lilihitaji uso wa Mwafrika na sauti ya Mwafrika, na lilihitaji haraka. Hata katika haja kubwa namna hiyo, lilichompa ni usaidizi.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hata wazungu walipitia cheo hicho. Ni kweli, na mfano wa karibu ni Leonard Beecher, aliyekuwa mkubwa wa Olang' na Kariuki. Beecher alikuwa mtu wa kazi, na pamoja na mkewe Gladys walitunga kamusi ya Kikuyu ambayo bado tunaitaja madarasani. Alifanywa askofu msaidizi wa Mombasa mwaka 1950. Lakini hebu tulinganishe. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1953, Beecher aliirithi dayosisi nzima, ambayo wakati huo ilikuwa Kenya yote, na mwaka 1960 akawa Askofu Mkuu wa jimbo jipya la Afrika Mashariki. Kwake usaidizi ulikuwa ngazi yenye vidato vinavyohesabika. Olang' na Kariuki waliupata ufunguo mwaka 1961, dayosisi hiyo ilipogawanywa. Olang' akapewa Maseno na Kariuki akapewa Fort Hall, ambayo leo tunaiita Murang'a. Ilibidi yajengwe maghala mapya ndipo na wao wapewe funguo.

Nisije nikaeleweka vibaya. Miaka sita ya Kenya si miaka 60 ya Nijeria. Olang' aliendelea hadi mwaka 1970 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu Mkuu wa Kenya. Miongoni mwa waliokuja baadaye, Manasses Kuria naye alianza kuwa askofu msaidizi, kisha akawa askofu wa Nakuru, na mwaka 1980 akawa Askofu Mkuu. Kwa hiyo mlango huu umewatoa wakuu wetu wawili wa kwanza, na mtu mwadilifu hawezi kuulaani. Lakini tujiulize ni nini kilichowasukuma Olang' na Kariuki upesi. Sidhani ni neno "msaidizi" lililowainua. Uhuru ulikuwa unabisha hodi, na kanisa lilijua kwamba likiingia mwaka 1963 likiwa na wakubwa wazungu na wasaidizi Waafrika, litaaibika mbele ya taifa. Pale ambapo shinikizo la namna hiyo halikuwapo, wasaidizi walikaa na kukaa.

Anayedhani kwamba hili lilikuwa jambo la makoloni tu na aitazame Marekani. Mwaka 1918 Kanisa la Episkopali, ambalo ni la jamii hiyo hiyo ya Kianglikana, liliwaweka wakfu maaskofu sufragani wawili Weusi, Edward Demby wa Arkansas na Henry Delany wa North Carolina, wawahudumie watu Weusi. Katika Baraza la Maaskofu sufragani wa zama hizo alikuwa na kiti lakini hakuwa na kura. Hao ndio niliowadokeza pale mwanzo, waliopewa cheo chenye asili ya neno kura wakanyimwa kura yenyewe. Afrika Kusini nayo, katika miaka ya ubaguzi, ilimpata askofu wake wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana mwaka 1960, Alphaeus Zulu, akiwa msaidizi. Alipewa dayosisi ya Zululand mwaka 1966.

Kisha ikafika zamu ya wanawake, na mlango ukawa uleule. Mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika jamii yote ya Waanglikana ulimwenguni alikuwa Barbara Harris, Mmarekani Mweusi, aliyewekwa wakfu mwaka 1989 kuwa sufragani wa Massachusetts. Uingereza yenyewe ilingoja hadi Januari 2015 ikampata Libby Lane, sufragani wa Stockport. Na sisi mwaka 2021 tukampata Dkt. Onyango, msaidizi wa Bondo.

Je, hakukuwa na njia nyingine? Ilikuwapo, na imetumika. Mwaka 1990 Penelope Jamieson alikabidhiwa dayosisi nzima ya Dunedin kule New Zealand, na kanisa halikuporomoka. Hapa barani mwetu, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana, Ellinah Wamukoya, alikabidhiwa dayosisi nzima ya Swaziland mwaka 2012, wala hakuanza na usaidizi. Na kwetu Kenya, miezi michache tu baada ya sherehe ya Bondo, Dayosisi ya Butere ilimchagua Rose Okeno, akawekwa wakfu Septemba 2021 kuwa askofu mwenye dayosisi yake. Waumini wa Butere walifanya kwa uchaguzi mmoja jambo ambalo Nijeria ililifanyia subira ya miaka 60. Kwa hiyo hoja kwamba watu hawako tayari, kwamba ni lazima kwanza waonjeshwe kidogo kidogo, haina mashiko tena. Mara nyingi waumini huwa tayari kabla ya wakubwa wao.

Najua watakaonijibu kwamba ninaichanganya huduma na siasa. Watasema kwamba katika kanisa kila mtu ni msaidizi, na kwamba aliye mkubwa na awe mtumishi wa wote. Maneno mazuri, nami ninayakubali. Lakini nimeona kwamba mafundisho ya unyenyekevu huhubiriwa kwa sauti kubwa zaidi kwa wale ambao hawana ufunguo. Kama usaidizi ni utukufu, basi na ugawanywe sawa. Tusione kwamba wa kwanza wa kila kundi lililodharauliwa ndiye anayealikwa kuuonja utukufu huo, na wenye nyumba wao wanapita moja kwa moja hadi ghalani.

Watakuwapo pia watakaosema, kwa haki zaidi, kwamba dayosisi zetu ni kubwa, barabara ni mbovu, na askofu mmoja hawezi kuwathibitisha vijana wa parokia zote kwa mwaka. Hao wamesema kweli. Sipendekezi cheo hiki kifutwe. Ninachopendekeza nimekijifunza katika kazi yangu mwenyewe.

Kwa miaka sita mimi nilikuwa mhadhiri msaidizi. Sikuona haya kuitwa hivyo. Kwa nini? Kwa sababu siku niliyopewa barua ya kazi niliambiwa masomo gani nitayafundisha kwa kauli yangu mwenyewe, nina sauti gani katika mkutano wa idara, na nikifanya nini nitaondoka katika usaidizi huo: nikiimaliza shahada ya uzamifu. Nilijua mlango wa kutokea uko wapi, na nilijua kwamba hautegemei kama mkubwa wangu ameamka vizuri. Usaidizi wa namna hiyo ni shule. Usaidizi usio na mlango wa kutokea ni kifungo, hata kikivikwa joho la zambarau.

Basi dayosisi yoyote inayotaka kuwa na askofu msaidizi na ijibu maswali manne kabla ya siku ya kumweka wakfu, tena kwa maandishi. Kwanza, ataangalia eneo gani? Tumesema kwamba askofu ni mwangalizi, na mwangalizi asiye na mahali pa kuangalia ni jina tupu. Apewe sehemu ya dayosisi, parokia zinazojulikana, ambazo makasisi wake watampelekea taarifa yeye. Pili, ana kura gani katika sinodi na katika kamati zake, hasa kamati inayogawa fedha? Tatu, askofu wa dayosisi akiugua, akisafiri au akifariki, ni nani anayesimama mahali pake? Ikiwa jibu si msaidizi, basi waumini waelezwe kwa nini. Nne, cheo hiki ni cha muda gani, na je, aliyekishika anaruhusiwa kugombea kiti cha dayosisi kikiwa wazi, bila ya kuonekana msaliti wa mkubwa wake? Maswali haya hayahitaji mtaguso. Yanahitaji karatasi mbili na ujasiri wa jioni moja.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno, niongeze jambo la tano, dogo. Kama yote hayo yatatekelezwa, basi neno lenyewe litakuwa limepitwa na wakati. Mtu mwenye eneo lake, mwenye kura, anayesimama mahali pa mkubwa asipokuwapo, huyo kwa Kiswahili fasaha ni naibu. Tumwite naibu askofu. Nawajua wanaodhani kwamba kubadilisha jina ni kupaka rangi ukuta uliopasuka, na ningekubaliana nao kama ningeanza na jina. Lakini nimelitaja mwisho kwa makusudi. Kazi ikishabadilika, jina la zamani huwa nguo ya mtoto mwilini mwa mtu mzima.

Historia hii haiwahusu Waanglikana peke yao. Kila chama, kila shirika na kila chuo katika nchi hii kina vyeo vya namna hii: msaidizi wa mwenyekiti, mwakilishi wa vijana, mwakilishi wa akina mama. Hutolewa kwa shangwe, picha zikapigwa, na siku ya kugawa mavuno wenye vyeo hivyo wakajikuta nje ya ghala wakishika vikapu. Tukitaka kujua kama kundi fulani limekubaliwa kweli katika nyumba, tusihesabu ni wangapi wao wameingia sebuleni. Tuulize alivyouliza yule mwanamke ambaye hakwenda shule, akiwa ameketi na ungo wake wa mtama mapajani, siku ambazo babu alikuwa akirudi kutoka kanisani na habari za vyeo vipya.

Babu, kwa kawaida, hakumjibu. Aliivua kofia yake, akaketi, akaomba uji. Nadhani alilijua jibu.